Fanueli Simbeye na Barabara ya Bure

Babu yangu mzaa mama, Fanueli Simbeye, aliishi hatua arobaini kutoka barabara kuu ya Tunduma kwenda Mbeya, na kwa miaka kumi na mmoja hakuikanyaga hata mara moja. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa na kesi na mtu. Alikuwa na nguvu za ng'ombe, ulezi wake ulisifiwa mpaka ng'ambo ya mpaka, na Jumapili aliimba besi kanisani hadi watoto wa mstari wa mbele wakageuka kumtazama. Barabara tu ndiyo hakuitaka.

Chanzo chake ni kwamba barabara ile aliijenga mwenyewe. Mwaka 1927 alikosa fedha ya kodi ya nyumba, akapelekwa na wenzake kuilima barabara kwa miezi miwili, kwa sururu na karai. Siku ya mwisho, walipokuwa wakirudisha vifaa, alimwuliza mnyapara:

"Sasa imekwisha. Kupita ni kiasi gani?"

"Kupita wapi?"

"Humu barabarani."

"Bure," alisema mnyapara.

Wenzake walishangilia. Babu hakushangilia. Alirudi nyumbani amenuna, akaketi jikoni karibu na mkewe, Bibi Enesi, aliyekuwa akichambua maharage.

"Mama Yunisi, hebu nisaidie. Nyumba hii nimeijenga mimi?"

"Umeijenga wewe. Ndiyo maana inavuja."

"Na naitolea kodi?"

"Unaitolea."

"Basi kama nyumba yangu mwenyewe naitolea kodi, barabara ya serikali nitapitaje bure?"

Bibi aliendelea kuchambua maharage. Aliniambia uzeeni kwamba aliitafuta hoja ya kumjibu kwa miaka kadhaa na hakuipata. Babu aliamini kwamba serikali inawaacha watu wazoee kwanza. Wakishazoea, na njia zao za zamani zikishaota nyasi, siku moja atatokea karani na daftari aseme: wewe umepita mara elfu mbili, na mkeo mara elfu tatu kwa sababu anapenda kutembea. "Mimi hawanipati," alisema Babu, na kuanzia siku ile akahamia majanini.

Alijitengenezea kijia chake kando ya barabara, ndani ya nyasi ndefu. Bibi alikataa kabisa kukitumia. Kwa hiyo Jumapili wakienda kanisani, Bibi alipita barabarani na nguo zake safi, Babu akapita majanini sambamba naye, na mazungumzo yakaendelea kama kawaida. Wasafiri waliopita na magari waliona mwanamke nadhifu akibishana na nyasi, na nyasi zikimjibu.

Shida ilikuwa shamba. Shamba la ulezi lilikuwa ng'ambo ya pili ya barabara, na mtu haruki upana ule. Babu alifikiri siku mbili, kisha akakumbuka kalavati, lile bomba kubwa la kupitisha maji chini ya barabara, ambalo alisaidia kulifukia yeye mwenyewe. Chini ya barabara si juu ya barabara. Akawa kila asubuhi anaingia upande huu na jembe lake, anatambaa, anatokea upande ule. Masika maji yalimsaidia: aliingia tu, akatokea mwenyewe.

Miaka ikaenda hivyo. Mvua zikawa nzuri, mavuno yakajaa, Bibi akapika, Babu akanenepa. Kalavati halikunenepa naye.

Asubuhi moja ya mwaka 1938 alikuwa akirudi na beberu aliyemnunua. Mbuzi akatangulia kwenye kalavati, Babu akafuata, na alipofika karibu na mwanga wa upande wa pili akakwama mabegani. Alisukuma mbele, hakwenda. Alijivuta nyuma, hakurudi. Kamba ikamponyoka, na mbuzi akapanda barabarani, akasimama katikati, akaanza kucheua.

Hapo ikaja motokaa ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akitoka Mbeya kwenda Tunduma. Dereva alipiga honi. Mbuzi hakujali. Karani wa Bwana Shauri, kijana mmoja wa milima ya Ileje aliyeitwa Gwakisa, akashuka amfukuze. Alipoishika tu ile kamba, sauti nzito ya besi ikatoka chini ya miguu yake:

"Mwache huyo, ni wangu!"

Gwakisa alitazama mbele, akatazama nyuma. Hakukuwa na mtu.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi!"

"Mimi nani?"

"Mimi wa huku chini!"

Gwakisa aliiachia kamba, akarudi ndani ya motokaa, akafunga mlango.

"Bwana," alisema, "barabara imesema."

"Imesema nini?"

"Imesema mbuzi ni wake."

Bwana Shauri alikuwa Mwingereza kijana mwenye miguu mirefu. Kiswahili alikisoma kitabuni, na kila neno alilitoa peke yake, safi, kana kwamba limeoshwa. Alishuka, akazunguka, akainama, na akaona uso wa mtu mzima umejaa kwenye mdomo wa bomba.

"Hujambo," alisema Bwana Shauri.

"Sijambo, Bwana. Shikamoo."

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Navuka barabara."

Dereva alishika mkono mmoja, Gwakisa akashika mwingine baada ya kuhakikishiwa mara mbili kwamba ni mtu. Wakamvuta mpaka akang'oka kama mhogo. Shati lilibaki ndani. Babu alisimama mtaroni kifua wazi na kueleza mambo yote, tangu mnyapara mpaka daftari la karani ajaye. Bwana Shauri alimsikiliza kwa makini sana.

"Lakini barabara hii ni bure," alisema.

"Leo ni bure, Bwana. Na kesho?"

"Kesho pia."

"Na wewe ukihamishwa?"

"Atakayekuja atasema vilevile."

"Umeshamwuliza?"

Jua lilikuwa limepanda, na Tunduma walikuwa wakimsubiri. Bwana Shauri akaomba karatasi. Babu akamwambia aandike polepole, asisahau kitu.

"Na mbuzi je?" aliuliza Babu.

"Na mbuzi."

"Na jembe? Na gunia la ulezi nikiwa nimelibeba?"

Bwana Shauri akakata maneno, akaandika: *Fanueli Simbeye, yeye na mizigo yake, anaruhusiwa kupita katika barabara hii bila malipo siku zote.* Muhuri ulikuwa sandukuni, chini ya chakula chao cha njiani, kwa hiyo barua ilitoka na muhuri mmoja wa wino na doa moja kubwa la siagi. Mpaka anakufa, Babu aliamini lile doa ndilo muhuri mkubwa zaidi.

Motokaa ilipoondoka, alipanda kutoka mtaroni. Aliweka mguu mmoja barabarani, akangoja. Akaweka wa pili. Kisha akaanza kutembea. Alienda mpaka mwembeni kwa jirani, akarudi. Akaenda tena kwa mwendo wa pembeni, akarudi kinyumenyume. Mbuzi alichoka akalala. Mchana Bibi alitoka kumwita.

"Baba Yunisi, ugali unapoa!"

"Uache upoe. Napita."

Siku ile, Bibi aliniambia, ndiyo mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja alipomwona mumewe mzima mzima akitembea njiani, na akagundua kwamba anachechemea kidogo mguu wa kushoto.

Jumapili Babu alimpelekea barua Mwalimu Kefa, mwalimu wa kanisa, ambaye ndiye aliyesoma barua za kijiji kizima. Alimwomba aisome mbele ya watu baada ya matangazo. Nadhani alitaka tu kusifiwa kidogo. Mwalimu Kefa akaisoma kwa sauti yake ya kusomea kitabu cha Isaya. Fanueli Simbeye anaruhusiwa. Bila malipo. Siku zote.

Kisha mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, yeye anaruhusiwa. Na sisi?"

Mwalimu Kefa aligeuza karatasi, akatazama nyuma yake. "Nyie hamkuandikwa," alisema.

Ibada ilipokwisha, kanisa zima lilirudi nyumbani kupitia majanini. Wanaume walitangulia wakikanyaga nyasi, wanawake wakafuata wameshika magauni, na mchungaji mgeni naye akaingia kwa sababu hakutaka kuwa peke yake. Barabarani alikuwamo Babu tu, katikati kabisa, na barua mkononi. Alimtafuta Bibi kwa macho.

"Mama Yunisi, uko wapi?"

"Niko huku!" zilisema nyasi. "Miaka kumi na mmoja nimepita bila barua! Na kutembea napenda, umesema mwenyewe!"

Tangu siku hiyo mambo yaliharibika. Asubuhi watu walipanga foleni kwenye kalavati na majembe na vikapu vyao. Waliotoka mashambani waligongana vichwa katikati na waliokuwa wakienda. Ikabidi Mwalimu Kefa aweke utaratibu: alfajiri kwenda tu, jioni kurudi tu, na mama wajawazito wazunguke mtoni, chini ya daraja. Babu alipita juu yao, akawasalimu mmoja mmoja kwa majina kupitia ardhini, na wengi hawakumwitikia.

Ikawa hivyo mpaka mama yangu, Yunisi, akaposwa na kijana wa Iyula. Kumsindikiza bibi harusi mpaka Iyula ni mwendo wa siku mbili, na watu arobaini hawawezi kwenda siku mbili majanini na ngoma na mikeka. Walikaa kikao. Babu alisema yeye yuko tayari kwenda hata sasa. Walimwambia anyamaze. Hatimaye Mwalimu Kefa aliomba aione ile barua tena, akaisoma kwa kidole, akasimama penye maneno mawili.

"'Na mizigo yake,'" alisema. "Haikusema mizigo gani."

Basi ikaamuliwa kwamba msafara wote wa harusi ni mzigo wa Fanueli Simbeye. Ili jambo lisiwe na utata, ilitafutwa kamba ndefu, ikafungwa kiunoni mwa Babu, na kila mtu akatakiwa kuishika asiiachie. Hapo likazuka swali la mama mkwe wake, Roda, mama yake Bibi. Ukoo mzima tulimwita Mama Mkwe, kama alivyomwita Babu. Kwa desturi yetu mkwe hamgusi mama mkwe wala hamkazii macho. Wakikutana njiani mmoja hukwepa. Sasa mtu atamkwepaje mzigo wake?

"Mimi siwezi kuwa mzigo wa huyu," alisema Mama Mkwe. "Binti yangu anatosha."

Walibembelezana mpaka jua likaelekea magharibi. Mwisho walikubaliana kwamba kamba iongezwe urefu, Mama Mkwe ashike ncha ya mwisho kabisa, na Babu asigeuke nyuma siku mbili nzima. Ndivyo walivyoondoka kesho yake asubuhi: Babu mbele kama ng'ombe wa plau, bibi harusi nyuma yake, kisha ngoma, mikeka, kuku, Mwalimu Kefa, na mbali huko nyuma, kwenye kipande cha kamba alichokuwa nacho peke yake, Mama Mkwe akilalamika.

Hawajafika mbali likaja lori kutoka upande wa Tunduma. Dereva wake aliitwa Boazi, mtu mpana mwenye kofia ya ngozi. Aliona watu arobaini wamepangwa kwenye kamba moja, akawapita, akasimamisha lori ghafla mbele yao, akashuka na spana mkononi.

"Nani kawafunga nyie?" alifoka.

"Hatujafungwa," alijibu Mwalimu Kefa. "Tumeshika."

"Mmeshika nini?"

"Sisi ni mizigo."

Boazi aliwatazama mmoja mmoja, akaketi kwenye bampa ya lori. Ilibidi aelezwe mara tatu. Alipoelewa alivua kofia.

"Sikilizeni, mukwai," alisema, kwa adabu ya Kibemba, maana maisha yake yalikuwa ng'ambo ya mpaka. "Mimi natoka Broken Hill. Nimepita Mpika, nimepita Tunduma. Nakwenda Mbeya, kisha Iringa, kisha Dodoma, kisha Arusha, mpaka Nairobi. Ni barabara hiihii. Ukigeuka ukafuata upande wa kusini usichoke, wanasema unatokea baharini. Mimi mwaka wa sita huu naipita, na hakuna mtu hata mmoja aliyenidai."

Watu walitazamana.

"Una barua?" aliuliza Babu.

"Sina."

"Miaka sita," mtu mmoja alinong'ona. "Mpaka Nairobi." Mwanamke mmoja alitikisa kichwa kwa huruma, akamtolea Boazi kuku mmoja, kama mtu anavyomtolea mfiwa. Babu alimwonyesha nafasi kwenye kamba, kati ya Mwalimu Kefa na mwenye ngoma.

"Shika hapa, ndugu yangu. Wewe na gari lako. Tutakuficha."

Wakati huo huko nyuma Mama Mkwe alikuwa na mawazo yake. Miguu ilimwuma, na alikuwa amelitazama lori kwa muda. Aliiachia kamba, akazunguka kwa mbali ili asipite karibu na mkwewe, akafungua mlango wa mbele, akapanda na kuketi.

"Mama!" alipiga kelele Bibi. "Umeachia!"

"Wanahesabu nini?" aliuliza Mama Mkwe kutoka dirishani. "Si hatua? Mimi sipigi hatua. Mimi nimekaa."

Kisha watu thelathini na nane waliiachia kamba kwa pamoja, wakalikimbilia lori na ngoma na mikeka na kuku, na hata mama yangu, bibi harusi, alirushwa juu na wajomba zake kama gunia. Boazi alicheka mpaka akapaliwa, akasema atawafikisha mpaka njia panda ya Iyula.

"Na wewe, mzee?" alimwuliza Babu, aliyebaki barabarani na kamba tupu.

"Nina ruhusa ya kupita," alisema Babu. "Nitapita."

"Fanueli, panda!" Bibi alimsihi. "Ni harusi ya mwanao!"

"Nitafika."

Hakuna aliyeweza kumshawishi. Lori liliondoka, naye akabaki akitembea kwa mwendo wa mtu mwenye karatasi.

Iyula walifika kabla ya jua kuchwa, siku nzima kabla hawajatarajiwa, na wenyeji hawakuwa hata wamefagia. Kesho yake kila kitu kilikuwa tayari ila baba wa bibi harusi. Mchungaji alingoja saa moja. Alingoja saa tatu. Ukoo wa bwana harusi ukaanza kunong'ona kwamba labda mzee amebadili mawazo. Ili watu watulie, chakula kikagawiwa. Wakala nyama, wakala wali, wakaanza kusinzia. Mama yangu aliketi kwenye mkeka na shela lake akitazama njia, na alisema baadaye kwamba hakujua kama alie au achukue fimbo.

Jioni walimwona akija. Alikuwa peke yake, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, na kamba bado iko kiunoni, inaburuta nyuma kama mkia. Mama yangu alinyanyuka akaenda kusimama mbele yake.

"Baba, watu wamekungoja kutwa nzima."

"Najua, mwanangu."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Babu alimtazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Bibi amjue, aliona haya.

"Ilikuwa nzuri," alisema kwa sauti ndogo. "Miaka yote ile sikujua ni nzuri hivi. Pale kwenye mteremko, upepo unakuja usoni. Nikakaa kidogo. Kisha nikarudi juu ili niteremke tena."

Mama alijaribu kukasirika akashindwa. Alimshika mkono, akamfungua ile kamba kiunoni, na ndoa ikafungwa watu wameshiba, kinyume na utaratibu wote.

Miezi michache baadaye yule Bwana Shauri alihamishwa, kama Babu alivyosema. Mpya, mtu mzima mwenye ndevu, alishangaa kukuta barabara tupu na nyasi za pembeni zimekanyagwa kama uwanja. Akaitisha baraza, akatangaza kwamba barabara ni ya watu wote.

"Andika," walisema watu wote.

Akaandika. Wakamwandikisha hata watoto ambao hawajazaliwa. Tangazo lilipigiliwa kwenye mlango wa kanisa, Mwalimu Kefa akalisoma mara nne, na watu wakarudi barabarani mmoja mmoja, wakianza na kidole cha mguu.

Aliyehuzunika ni Babu. Alikwenda na barua yake kwa Bwana Shauri mwenye ndevu, akauliza kama sasa yeye ni sawa na mtu yeyote. Bwana Shauri alilitazama lile doa la siagi kwa muda mrefu. Halafu akamwuliza kama anajua kutumia sururu. Tangu mwaka 1939 Babu akawa mtunza barabara wa kipande chetu, wa kufukia mashimo na kuzibua mitaro, na kila mwezi alipokea mshahara. Kalavati alilizibua kwa kulichokonoa kwa mti mrefu, akiwa nje.

Aliyekwenda mbali hasa ni Bibi. Alikuwa na kaka yake aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge karibu na Arusha, hawajaonana miaka kumi na tano. Vita vikuu vya dunia vilipokwisha alipanda lori la Boazi na kikapu kimoja, akaenda zake. Alikaa miezi mitatu. Alirudi akisema Iringa kuna baridi ya kukata masikio, Dodoma vumbi lao ni jekundu kuliko letu, na Arusha watu wanapika ndizi na nyama katika chungu kimoja na wanajisifu. Alileta machipukizi sita ya migomba yamefungwa kwenye gunia bichi. Babu akayapanda nyuma ya nyumba akisema kwamba hayatashika. Matano yalikufa. Moja likashika, na lilipotoa mkungu Babu aliwaambia majirani kwamba ni mkono wake ndio mzuri. Bibi hakubishana naye. Alizikata ndizi, akazipika na nyama, akawapa majirani wote kwanza, na Babu akamtengea sahani ya mwisho.